Upana wa Mashua, Upana wa Barabara: Vipimo Viwili Visichanganywe

Hii ni hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa vijana wanaoendesha mashua za mashindano, mafundi wa kuchomelea na madereva wa magari ya mizigo. Tunaichapisha kwa ombi la waliohudhuria.

 

Nimeombwa nizungumzie jambo linaloonekana dogo mpaka siku likuharibikie: mashua ya mashindano inaruhusiwa kuwa pana kiasi gani, na ikishapakiwa kwenye trela inaruhusiwa kuwa pana kiasi gani barabarani. Haya ni maswali mawili, na kila moja lina mwenyewe. La kwanza hujibiwa na chama cha aina ile ya mashua, chini ya shirikisho la dunia la mchezo huu, World Sailing. La pili hujibiwa na sheria ya trafiki ya nchi unayopita. Mashua inaweza kupasi asubuhi kwa mpimaji wa mashindano, na jioni ikasimamishwa na askari njiani kwa haki kabisa.

Mtauliza afisa wa habari anajua nini kuhusu trela. Ofisi yangu ndiyo hupokea maswali ya wananchi, na hili limekuja si mara moja, hasa kutoka kwa watu wanaotaka kupeleka mashua Naivasha au Kisumu wakidhani kaunti ndiyo hutoa ruhusa. Kaunti haitoi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limetupa barabara za kaunti, vivuko, bandari ndogo, vyuo vya ufundi vya vijijini na viwanja vya michezo. Barabara kuu za kitaifa na vipimo vya magari viko kwa serikali ya taifa. Kwa hivyo mkiniletea barua ya kuomba kibali cha mzigo mpana kutoka hapa hadi Kisumu, nitaisoma kwa heshima na kuwaelekeza kwingine.

Sasa tuanze majini, kwa sababu huko ndiko upana unakozaliwa.

Mashua hizi si za uvuvi. Ni ndogo, nyepesi, hazina injini, na nyingi hazina uzito wowote chini wa kuzizuia zisipinduke. Kinachozizuia ni watu waliomo. Upepo ukilisukuma tanga, mabaharia hujinyoosha nje upande wa joshi ili mashua isilale upande wa demani. Nyinyi vijana mnajua, tumbo huuma siku mbili.

Fikirieni ile mizani ya sokoni yenye mkono mrefu. Jiwe lile lile ukilisogeza mbali na katikati, linainua mzigo mkubwa zaidi. Mtu wa kilo 70 aliyekaa sentimita 70 kutoka katikati ya mashua ana nguvu fulani ya kuizuia isilale. Msogeze hadi mita 1.4, nguvu ile inakuwa maradufu, naye hajaongeza hata sahani moja ya wali. Kwa nguvu hiyo mashua inaweza kubeba tanga kubwa zaidi na kwenda kasi zaidi. Upana, basi, ni kasi ambayo mtu anaweza kuinunua.

Ndiyo maana mjenzi akiachiwa huru ataipanua mashua mpaka achoke. Hili lilitokea Sydney, Australia, kwenye mashua za mashindano za futi 18. Katika miaka ya 1980 waliziongezea mbawa za pembeni za kukalia, mwaka huu ndefu, mwaka ujao ndefu zaidi, hadi baadhi zikawa pana kuliko urefu wake. Zilikuwa na kasi ya kutisha na zilipendeza kutazama. Pia zilikuwa ghali kupindukia. Wenye wadhamini wakubwa walibaki, wengine wakajiondoa, na mwishowe mbawa zikawekewa kikomo ili mchezo usife.

Aina nyingine ziliweka kikomo mapema. Mashua iitwayo Moth, inayoendeshwa na mtu mmoja, haitakiwi kuzidi urefu wa mita 3.355 wala upana wa mita 2.25, mbawa zikihesabiwa. Katamarani ya A-Class, yaani mashua ya miili miwili ya mtu mmoja, ina kikomo cha urefu wa mita 5.49 na upana wa mita 2.30. Ndani ya mipaka hiyo mjenzi ana uhuru mkubwa. Halafu kuna aina ambazo mashua zote hufanana na hakuna ruhusa ya kubuni: ILCA, ambayo wengi wenu bado mnaiita Laser, ina upana wa karibu mita 1.4, na Optimist ya watoto ina kama mita 1.13. Nyingine zimebeba urefu wao kwenye jina. 505 ni sentimita 505, na upana wake ni mita 1.88. 470 ni sentimita 470, na upana wake ni karibu mita 1.7. Hizi zote zinapita barabarani bila kumsumbua mtu. Shida iko kwa katamarani na mashua zenye mbawa.

Barabara nayo ina kikomo chake

Uingereza, ambako baadhi ya mashua hizi zilichorwa, trela haitakiwi kuzidi upana wa mita 2.55. Kabla ya mwaka 2012, trela zinazovutwa na magari madogo zilikuwa na kikomo cha mita 2.3 tu. Lakini, na hapa fundi asikilize, sheria ya huko hutenganisha trela na mzigo. Mzigo unaweza kutokeza nje ya trela hadi sentimita 30.5 kila upande, mradi upana wote usipite mita 2.9. Ukivuka hapo, unatakiwa uwajulishe polisi kabla ya safari. Australia kikomo cha gari kwa muda mrefu kilikuwa mita 2.5. Marekani kwa miaka mingi kilikuwa futi 8, yaani mita 2.44, hadi miaka ya 1980 kilipopandishwa kwa magari ya mizigo kwenye barabara kuu za taifa kuwa inchi 102, yaani mita 2.59.

Zishikeni namba hizo, kisha tuzitazame mashua. Hobie 16, katamarani ya Kimarekani iliyochorwa karibu na mwaka 1970, ina upana wa mita 2.41. Hiyo ni futi 7 na inchi 11, inchi moja tu chini ya kikomo cha wakati ule. Nacra 17, katamarani iliyoingia Olimpiki Rio mwaka 2016, ina upana wa mita 2.59, sawasawa na kile kikomo kipya. Sitawaapia kwamba kila mchoraji alikuwa na kitabu cha trafiki mezani. Lakini mashua inayohitaji kuzunguka nchi nzima kutafuta wapinzani haiwezi kuisahau barabara. Ikishindwa kusafiri, itashindana na nani?

Wako waliokataa kubanwa. Tornado, iliyochorwa mwaka 1967 na kushindana Olimpiki kuanzia 1976 hadi 2008, ina upana wa futi 10, mita 3.05. Hakuna nchi kati ya hizo nilizotaja ambako unaiweka juu ya trela ikiwa bapa na kuondoka kama mtu anayekwenda sokoni. Wenyewe waliibeba kwa njia mbili. Ya kwanza ni kufungua ile miti miwili inayounganisha miili na kuipakia vipande vipande, kisha kuiunga tena ufukoni. Ya pili ni kuiinamisha kwenye trela yenye fremu ya kuinuka upande mmoja. Ukiinua upande mmoja kwa nyuzi 40, upana wake unashuka hadi karibu mita 2.3. Hesabu nzuri, lakini hailipiwi bure: mwili wa juu sasa uko karibu mita 2 juu ya ule wa chini, na upepo wa pembeni unaukamata kama tanga. Anayejua upepo wa nyika ya Taru, lori likimpita kwa kasi, ataelewa kwa nini kuivunja vipande ni salama zaidi, hata kama kunamla nusu siku.

49er, mashua nyingine ya Olimpiki, ina karibu mita 2.9 mbawa zikiwa zimetoka. Mbawa hizo huondolewa kabla ya safari, na mwili unaobaki hauzidi mita 1.8.

Wazee wetu hapa watacheka, maana kwao hili si geni. Ngalawa ni chombo kipana kuliko gari lolote. Upana wake uko kwenye mirengu, na mirengu imeshikwa na miti iliyofungwa kwa kamba. Ukitaka kuipeleka mahali kwa lori unafungua kamba, unalaza miti ndani ya mtumbwi, unasafiri, unafunga tena. Tornado inafanya vivyo hivyo kwa boliti na aluminiamu.

Hapa kwetu

Kwa Kenya, msingi ni Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, pamoja na kanuni zake. Trela ni gari mbele ya sheria. Husajiliwa na NTSA na hupewa namba yake yenyewe, ile inayoanza na herufi Z, tofauti na namba ya gari linaloivuta. Mzigo unaovuka vipimo vya kawaida kwenye barabara kuu unahitaji kibali maalum, na mlango wa kugonga ni wa KeNHA. Ushauri wangu kwa fundi ni huu: chukua mita 2.5 kuwa ukuta wa mwisho wa kila kitu, mashua, matairi, madigadi na hata ndoano ya kufungia kamba, kisha upeleke mchoro kwa ofisi ya NTSA kabla hujawasha mashine ya kuchomelea. Usichukue mita 2.59 ya Marekani kwa sababu umeiona kwenye karatasi iliyokuja na mashua. Karatasi ile haikuandikiwa Mariakani.

Mita 2.5 si namba kavu. Chukueni njia ya upande mmoja yenye upana wa mita 3.5, na dereva anayeshika katikati ya njia yake bila kuyumba, jambo ambalo ni nadra lakini tumkubalie leo. Mzigo wa mita 2.5 unaacha nusu mita kila upande. Hiyo ni dhiraa moja. Mzigo wa mita 3.05 unaacha sentimita 22 na ushei, shubiri moja tu. Kati ya dhiraa na shubiri ndipo anapopita mama aliyebeba ndoo kando ya lami, na mtoto anayetoka shule.

Na hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko hata kuvuka kikomo.

Trela nyingi za mashua ni nyembamba. Mashua ni nyepesi, Hobie 16 nzima ina kama kilo 145, kwa hivyo fundi haoni haja ya ekseli pana. Tuseme trela ina upana wa mita 1.6 na mashua juu yake ni mita 2.41. Uko ndani ya mita 2.5. Lakini taa ziko wapi? Ziko kwenye pembe za trela. Usiku dereva anayekuja nyuma au mbele yako anapima upana wako kwa taa, hana kingine cha kupimia. Anaona mita 1.6. Nje ya taa hizo kuna sentimita 40 za mashua kila upande, gizani, kwenye kimo cha usukani wa bodaboda. Mwendesha bodaboda anayekupita akiacha nafasi anayoiona kuwa ya kutosha anaingia kwenye fiberglasi ngumu, na abiria wake nyuma. Atakayeumia hajui hata kama kuna mchezo unaoitwa hivyo.

Dawa yake ni rahisi kuliko dawa nyingi ninazotakiwa kutangaza kwa kazi yangu. Fundi atengeneze ubao wa taa unaofungwa nyuma ya mashua yenyewe, upana wake ufike ukingo wa mashua, wenye taa nyekundu, taa za kuashiria kona na namba ya trela. Mbele, kwenye ncha za miili, pawe na viakisi vyeupe. Waya uwe mrefu na plagi moja ya kuchomeka kwenye gari. Halafu safirini mchana. Kutoka hapa hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 850, na najua mnataka kutoka saa nne usiku ili mkwepe jua na foleni ya Mombasa. Lalisheni mashua njiani. Mashindano yataanza mkiwa wazima.

Jambo la mlingoti nitalipitia haraka, kwa kuwa ni urefu, si upana. Mlingoti wa Hobie 16 ni karibu mita 8 na mashua yenyewe ni mita 5.04. Zile mita 3 za ziada zisitokeze zote nyuma. Wekeni nguzo ya kuulalia mbele, juu ya mkono wa trela, mgawanye, na ncha ya nyuma ifungwe kitambaa chekundu mchana. Mkilazimika kutembea gizani, taa nyekundu.

Kupima, na kuchagua

Watu wengi hupima vibaya. Mashua imepinda, na ukiipitisha kanda juu ya tumbo lake unapima mpindo, si upana. Utapata namba kubwa kuliko ukweli. Ukipima chini kwenye matairi utapata ndogo. Tumieni timazi, ile ya fundi mwashi. Weka mashua sawa juu ya sakafu tambarare, shusha uzi ukiegemea sehemu iliyotokeza zaidi upande mmoja, weka alama chini kwa chaki. Fanya hivyo upande wa pili. Kisha pima kati ya alama mbili. Hiyo ndiyo namba ya barabarani. Ukiwa hapo hapo, pima pia kutoka kila alama hadi katikati ya trela. Zikitofautiana kwa sentimita kumi, mashua imekaa kombo, na upande mmoja unaibia jirani nafasi yake. Katikati ya trela usikisie kwa jicho. Pima kati ya matairi, gawa kwa mbili.

Nimeulizwa pia kikundi kipya kianze na mashua gani. Mimi si kocha, lakini swali lina upande wa usafiri na huo ninaujua. Anzeni na nyembamba. Optimist kadhaa zinapangwa juu ya trela moja kwa ngazi, au zinaingia nyuma ya kanta. ILCA mbili au tatu vilevile. Kikundi kinachoweza kusafirisha mashua nne kwa gari moja kitashindana mara nyingi kuliko kinachomiliki katamarani moja ya fahari inayosubiri fedha za trela maalum. Katamarani inapendeza, sikatai, na mwenye nayo asinichukie.

Kwa kuwa nimesomea uandishi wa habari, niruhusuni niwatajie Mirror. Gazeti la Uingereza, Daily Mirror, ndilo lililoitangaza mapema miaka ya 1960. Iliuzwa ikiwa vipande vya plaiwudi ambavyo mtu aliunga mwenyewe nyumbani, na tanga lake lilikuwa jekundu. Urefu mita 3.3, upana karibu mita 1.4, uzito kama kilo 45. Ilikusudiwa ibebwe juu ya paa la gari dogo, kwa hivyo trela haikuhitajika kabisa. Wachoraji wake, Jack Holt na Barry Bucknell, walianza na swali la itabebwaje, kisha wakachora. Plaiwudi tunayo, na mafundi wa mbao tunao, tena wazuri. Walimu wa vyuo vyetu vya ufundi walio hapa leo, hilo nawaachia mlifikirie.

Nimemaliza kusema. Trela mbili ziko nje chini ya mwembe, moja ina Hobie juu yake. Timazi mbili na kanda viko hapa mezani, na chaki ataleta mwalimu. Tunywe chai kwanza, kisha fundi atuonyeshe pale anapotaka kuufunga ubao wa taa.